Pikapu ya matangi mawili inapokosa mafuta: Pa kuanzia uchunguzi

PIKAPU iliyoondoka Isiolo alfajiri ikiwa na dizeli katika matangi yote mawili haitarajiwi kukosa mafuta kabla ya kufika Marsabit. Hata hivyo, jambo hilo hutokea. Injini huanza kukohoa ikipanda mlima, nguvu hupungua hata dereva akanyagapo mafuta hadi sakafuni, kisha gari huzima kando ya barabara ilhali geji inaonyesha nusu tangi. Dereva hupiga stata hadi betri inachoka. Hatimaye gari huvutwa hadi mjini, ambako fundi wa kwanza kulitazama hutoa hukumu iliyozoeleka: pampu imekufa.

Mara nyingi hukumu hiyo huikuta pampu isiyo na hatia. Pampu ya dizeli ndicho kifaa cha bei ghali zaidi katika mfumo mzima wa mafuta, na ndicho kinachopaswa kushukiwa mwisho. Mmiliki anayekubali ifunguliwe kabla ya vitu vingine kukaguliwa huenda akalipa fedha nyingi, kisha gari likazima tena mahali pale pale, kwa sababu chanzo kilikuwa mpira uliopasuka au vali iliyokwama mita mbili nyuma ya injini.

Magari yanayohusika zaidi humu nchini ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, hasa pikapu aina ya HZJ75 ambayo tangu mwaka 1990 iliundwa na injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, pamoja na HZJ79 iliyochukua nafasi yake mwaka 1999. Si zote zilizokuwa na matangi mawili, lakini zile zilizonunuliwa kwa kazi za kaskazini, ziwe za polisi, mashirika ya misaada, wamishenari au wafanyabiashara wa mifugo, mara nyingi ziliwekewa tangi la pili. Sababu ilikuwa wazi. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500, na kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010 safari hiyo ilikuwa ya mawe na vumbi, vituo vya mafuta vikiwa vya kuhesabu kwa vidole. Pikapu yenye takriban lita 180 za dizeli ingeweza kwenda na kurudi bila kumbembeleza mwenye pipa.

Magari hayo sasa ni ya umri mkubwa, na mengi yamepita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne. Kila mmoja ameongeza waya wake, mpira wake na klipu yake.

Njia ya dizeli

Kabla ya kushika spana, inafaa kuifahamu njia ambayo dizeli hupitia. Ndani ya kila tangi mna bomba la kufyonzea ambalo ncha yake ina chujio dogo la wavu. Bomba la kila tangi hufika kwenye vali ya kubadilishia matangi, ambayo huendeshwa kwa umeme kutokana na swichi iliyo kwenye dashibodi. Kutoka hapo linabaki bomba moja tu linaloelekea kwenye filta iliyo karibu na injini. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono, na mbele yake ndipo ilipo pampu kubwa inayosukuma dizeli hadi kwenye nozeli, au nozo kama mafundi wanavyoziita.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba katika injini ya 1HZ hakuna pampu ya umeme tangini inayosukuma mafuta mbele. Pampu kubwa ndiyo inayoyavuta yenyewe kutoka nyuma kabisa, umbali wa mita kadhaa. Kwa hivyo, sehemu yote iliyo kati ya tangi na pampu haina shinikizo la kusukuma, bali ina mvuto. (Injini kongwe zaidi ya 2H, iliyotumika katika HJ75, ina pampu ndogo ya kuinulia mafuta ubavuni mwa pampu kubwa, lakini nyuma ya hapo hali ni ile ile.)

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa uchunguzi. Bomba lenye shinikizo likipasuka, mafuta humwagika na kila mtu huona. Bomba linalofyonza likipata ufa, injini ikiwa inanguruma hakuna tone linaloanguka. Badala yake hewa huingia. Fundi anayezunguka gari akitafuta unyevu chini ya chasisi anaweza kuapa kwamba hakuna kinachovuja, naye atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa ameigusa hitilafu.

Isitoshe, pampu haitumii dizeli yote inayoivuta. Sehemu kubwa huipoza na kuilainisha, kisha hurudi tangini kupitia bomba la marejeo. Bomba hilo nalo hupita katika ile vali, ili mafuta yaliyotoka tangi kuu yarudi tangi kuu, na yaliyotoka tangi la akiba yarudi huko huko.

Tangi moja ni shahidi wa jingine

Mwenye pikapu ya tangi moja hana cha kulinganisha. Mwenye matangi mawili ana bahati hiyo, na ni ajabu kwamba wachache huitumia. Swali la kwanza liwe hili: je, gari linasumbua likiwa kwenye tangi lipi?

Endapo linasumbua kwenye tangi kuu pekee na kuendelea vyema likihamishiwa la akiba, basi filta, pampu ya mkono, pampu kubwa na nozo zimeondolewa lawama kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa zinatumiwa na matangi yote mawili. Kinachosalia ni vitu vya tangi kuu pekee: wavu wa ndani, bomba la kufyonzea, mipira hadi kwenye vali, kifuniko cha tangi, na upande mmoja wa vali yenyewe. Endapo linasumbua kwenye yote mawili, shaka huelekea mbele ya vali.

Mantiki hiyo ina mtego mmoja, na wengi hunaswa humo. Inachukulia kwamba swichi ikibonyezwa vali hugeuka kweli. Katika gari la miaka 25 au 30, hilo si jambo la kuaminiwa bila ushahidi.

Swichi ya dashibodi hufanya kazi mbili. Huiamuru vali kugeuka, na pia huifanya geji isome tangi lililochaguliwa. Kazi ya pili inaweza kutimia bila ya kwanza. Vali ikiwa imekwama kwenye tangi kuu, dereva atabonyeza swichi, sindano ya geji itapanda kuonyesha tangi la akiba limejaa, naye ataendelea na safari kwa moyo mtulivu huku injini ikimalizia matone ya tangi kuu. Ndiyo maana pikapu huzima 'ikiwa na mafuta'. Geji haikudanganya, ilijibu swali jingine.

Kuthibitisha ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, mtu mmoja abonyeze swichi huku mwingine akiwa ameweka kiganja juu ya vali. Isikike sauti, au mtikisiko uhisiwe. Pasipo chochote, soketi ya vali ifunguliwe na kupimwa kwa taa ya majaribio swichi inapobonyezwa. Umeme ukifika na vali isitingishike, vali ndiyo mbovu, au waya wake wa kwenda kwenye bodi umeshikwa na kutu. Umeme usipofika, kosa liko kwenye fyuzi, swichi au nyaya. Vali hukaa chini ya gari, ikipigwa na matope na mawe, na soketi yake huoza kabla ya kitu kingine. Kuisafisha na kuikaza ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi ndiyo dawa yote inayohitajika.

Tangi linalojaa lenyewe

Hitilafu inayowachanganya watu zaidi ni ile ya vali iliyogeuka nusu. Upande wa kufyonza umehamia tangi la akiba, lakini upande wa marejeo umebaki tangi kuu. Gari linakwenda bila kusitasita, ila mafuta yanahamishwa taratibu kutoka tangi moja hadi jingine. Dereva hushangaa tangi la akiba limeisha kabla ya wakati wake, na pengine akasema ameibiwa na mlinzi au na kituo cha mafuta. Wakati huo tangi kuu, kama lilikuwa limejaa, humwaga dizeli kupitia kifunikoni au tundu la kupumulia.

Tatizo hilo si la Toyota peke yake. Mwaka 1993 kampuni ya Ford ya Marekani iliwaita wenye pikapu zake za matangi mawili kwa sababu mafuta yaliyotoka tangi moja yangeweza kurejea katika jingine na kulifurisha. Pikapu hizo zilikuwa za petroli, na hatari ya moto ilikuwa kubwa kuliko ya dizeli.

Ili kulibaini katika Land Cruiser, tangi linalochunguzwa lijazwe pomoni, la pili liachwe nusu. Gari liendeshwe kilomita 100 kwa tangi lililojazwa, kisha lijazwe tena na lita zihesabiwe. Injini ya 1HZ kwa mwendo wa wastani hutumia takriban lita 12 hadi 15 kwa umbali huo. Tangi likipokea lita 30 au 40 na chini ya gari pakavu, mafuta ya ziada hayakuchomwa. Yako katika tangi la pili.

Vali mpya isipopatikana karibu, gari linaweza kufikishwa nyumbani kwa kuiruka vali kabisa: mpira wa kufyonza wa tangi moja uunganishwe moja kwa moja na bomba la kwenda kwenye filta. Wengi huishia hapo na kusahau marejeo. Bomba la marejeo nalo sharti liunganishwe na tangi hilo hilo, la sivyo tangi linalotumika litakauka mapema.

Hewa inayoingia kimyakimya

Dalili za hewa zinajulikana. Gari huwaka kwa shida asubuhi baada ya kulala, kwa kuwa dizeli imerudi tangini usiku na hewa kuchukua nafasi yake. Likishawaka hunguruma bila mpangilio kwa muda, kisha hutulia. Baadaye ufa ukipanuka huanza kukosa nguvu hata mchana.

Njia bora ya kuiona hewa ni kuweka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa. Viputo vichache mara tu baada ya filta kubadilishwa si ajabu. Msururu usiokoma, ukiongezeka injini inapokanyagwa, ni uthibitisho. Mpira huo huo huhamishwa nyuma hatua kwa hatua: kabla ya filta, kisha baada ya vali, kisha kabla ya vali. Pale ambapo viputo vinakoma, ufa uko mbele kidogo ya hapo.

Mahali pa kutazama kwanza ni klipu za mipira, washa za shaba, gasketi ya filta na ile pampu ya mkono, ambayo kiwambo chake cha ndani hukauka na kupasuka kwa uzee. Mipira yenyewe hudanganya. Kwa nje inaweza kuonekana mizima ilhali ngozi ya ndani imebanduka na kujifunga kama vali kila inapovutwa. Mpira wa umri wa gari haufai kuhojiwa sana, ubadilishwe.

Kuna ufa mmoja ambao huonekana kwa kalenda ya mafuta badala ya macho. Bomba la kufyonzea ndani ya tangi hushambuliwa na kutu na kutoboka katikati. Tangi likijaa, tundu limezama katika dizeli na gari halina neno. Mafuta yakishuka chini ya tundu, bomba huvuta hewa na injini huzima, ijapokuwa lita nyingi bado zimo. Dereva anayesema gari lake hukataa kila mara likifika nusu tangi asipuuzwe.

Uchafu, maji na tangi lisilopumua

Tangi la akiba lina adui wake: kutotumiwa. Likikaa miezi likiwa na mafuta kidogo, unyevu wa hewa huganda kwenye kuta na maji kutuama chini. Kutu huanza, na pale dizeli inapokutana na maji huota vijidudu vinavyoacha ute mweusi. Siku dereva anapolihitaji, uchafu wote huelekea kwenye wavu na filta. Ni busara kulitumia tangi hilo angalau mara moja kila mwezi, na kumwaga maji yaliyotuama kwenye kikombe cha chini ya filta.

Wavu ulioziba hutoa dalili ya kipekee. Gari huenda kilomita kadhaa, hukosa nguvu na kuzima. Likipumzika dakika kumi huwaka na kwenda tena. Mvuto ndio uliokuwa umeushikilia uchafu kwenye wavu, na injini ikizima uchafu huanguka. Dalili hiyo hiyo hutolewa na kifuniko cha tangi kilichoziba, kwa kuwa tangi linalotoa mafuta bila kuingiza hewa hufanya ombwe. Kutofautisha ni kazi ya mkono mmoja: gari likizima, kifuniko kifunguliwe. Mlio wa hewa ikiingia kwa nguvu, na injini ikaanza mara moja, kosa ni la kifuniko au tundu la kupumulia. Kusipokuwa na mlio, tangi lishushwe na kuoshwa. Kupuliza upepo kupitia bomba kuelekea tangini, kifuniko kikiwa wazi, huleta nafuu ya muda tu, kwani takataka bado zimo.

Kuhusu kufyonza dizeli kwa mdomo, desturi iliyoenea mno katika gereji za kando ya barabara, ni heri iachwe. Tone linaloingia mapafuni huweza kumlaza mtu hospitalini.

Jerikeni inayoamua kesi

Baada ya ukaguzi huo, au hata kabla yake kwa asiye na subira, kuna jaribio moja linaloamua kama pampu ni mbovu. Dizeli safi itiwe katika jerikeni, jerikeni iwekwe mahali palipoinuka kuliko injini, mpira uunganishwe kutoka humo hadi kwenye mlango wa filta, na bomba la marejeo lielekezwe humo humo. Hewa itolewe, kisha injini iwashwe.

Injini ikinguruma vizuri na kupokea mafuta bila kukohoa, basi kila kitu kuanzia filta kwenda mbele ni kizima, na hakuna sababu ya kuigusa pampu. Hitilafu iko nyuma. Ikizidi kusumbua, filta mpya iwekwe na jaribio lirudiwe. Ikiendelea, wavu mdogo ulio kwenye mlango wa pampu nyingi za aina hiyo utolewe na kusafishwa. Ni baada ya hapo tu ndipo pampu na nozo zinapoingia kizimbani.

Namna injini inavyozima pia husema kitu. Ukosefu wa mafuta huja kwa kukohoa na kudhoofika. Injini inayozima ghafla kama iliyofungwa kwa ufunguo huenda imekatiwa umeme: juu ya pampu kuna vali ndogo ya volti 12 ambayo hufungua njia ya mafuta ufunguo unapowashwa, na waya wake ukilegea kila kitu husimama papo hapo. Ufunguo ukiwashwa, mlio wake mdogo unapaswa kusikika. Vilevile, moshi wa ekzosi utazamwe stata ikipigwa. Moshi mweupe maana yake ni kwamba dizeli inafika ila haiungui, na shida ni hita plagi au mgandamizo wa silinda. Pasipokuwa na moshi kabisa, dizeli haifiki.

Pampu nayo huzeeka

Si kwamba pampu haifi. Dalili yake mashuhuri ni injini inayowaka vyema asubuhi ikiwa baridi lakini inayokataa katakata ikizimwa ikiwa na joto. Dizeli ya moto huwa nyepesi na kupenya katika sehemu zilizolika. Mafundi wazoefu huweka kitambaa chenye maji juu ya pampu. Ikipoa na injini ikawaka, jibu limepatikana. Maji baridi yasimwagwe kwa ndoo, kwani chuma cha moto hakipendi mshtuko.

Pampu ya aina hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, si na oili ya injini. Hapo ndipo ulaghai wa kuchanganya dizeli na mafuta taa ulipowaumiza wengi, kwa kuwa mafuta taa hayalainishi ipasavyo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo, lakini pampu zilizolika kabla ya hapo hazikurejea ujana. Pampu iliyothibitika kuwa mbovu ipelekwe kwa karakana yenye mashine ya kupimia, si kufunguliwa juu ya gunia.

Kazi yoyote ikikamilika, hewa lazima itolewe. Pampu ya mkono ibonyezwe hadi iwe ngumu, huku skrubu ya kutolea hewa ikiwa imelegezwa mpaka dizeli itoke bila povu. Gari likikataa bado, nati za mabomba ya nozo zilegezwe kidogo, moja baada ya nyingine, stata ikipigwa kwa vipindi vifupi. Mkono usikaribie hapo. Katika mabomba hayo shinikizo hupita mara 100 ya lile la hewa ya kawaida, na dizeli inayochuruzika huweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha hilo huonekana dogo kama la mwiba, lakini anayelipata anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama halimuumi.